Dondoo muhimu: Jiko la gesi kwa mpika bia wa nyumbani

Kuchemsha lita 25 za maji ya kimea kutoka nyuzi 20 kunahitaji kilowati-saa 2.3 hivi za joto linaloingia sufuriani. Jiko dogo la kilowati 3 hupoteza zaidi ya nusu ya moto wake pembeni, hivyo utasubiri karibu saa mbili. La kilowati 10 linaweza kumaliza kazi kwa dakika 35 hivi. Tazama miguu pia: iwe mifupi na mipana, kwani sufuria iliyojaa ni mzigo.

Unataka moto zaidi? Nguvu hutoka kwenye regyuleta na nozeli, si upana wa chuma. Regyuleta ya mtungi wa nyumbani hutoa milibari 30 hivi. Majiko mengi makubwa hudai ya shinikizo la juu, pamoja na mpira unaolihimili. Usiifunge kamwe kwenye jiko la jikoni. Na fundi akikwambia atatoboa nozeli ipanuke, mshukuru uondoke.

Paka povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha. Moto wa njano wenye masizi? Ongeza hewa.

Mtungi ukiota barafu, unachota gesi haraka kuliko mtungi unavyoweza kuitoa. Tumia mkubwa zaidi.

Pika nje tu: kaboni monoksaidi haina harufu.

Povu likianza kupanda, punguza moto mara moja. Jiko kubwa halisamehe anayekwenda kupokea simu.