Kiyeyushi Kinachobaki Ndani ya Fuwele

Gramu moja ya MIL-100 ya chuma, fuwele iliyoungwa kwa chuma na asidi ya trimesiki, ina eneo la ndani la takriban mita za mraba 2,000. Eneo hilo limo katika vitundu visivyoonekana kwa darubini ya kawaida, na humo ndimo watafiti wanamokusudia kupakia dawa. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba vitundu hivyo hubeba busulfani, dawa ya saratani ya damu, kwa kiasi kikubwa kuliko vibebeo vilivyotangulia.

Lakini kitundu kinachotarajiwa kupokea dawa hutangulia kupokea kiyeyushi. Fuwele nyingi za jamii hii huundwa katika dimethilifomamaidi, kimiminika kinachoyeyusha kwa urahisi chumvi za metali pamoja na asidi za kaboni. Maabarani ni msaidizi hodari. Kwa ini ni sumu. Hupenya ngozini na mapafuni, na mfanyakazi aliyeathirika huweza kuiva uso na kupata kichefuchefu anywapo pombe. (Mhudumu wa afya aonapo dalili hizo, na aulize mgonjwa anafanya kazi gani.) Kwa kuwa huchemka kwenye nyuzijoto 153 za Selsiasi, hakiondoki kwa kuanikwa: fuwele huoshwa mara kadhaa kwa kiyeyushi kingine, kisha hupashwa moto katika ombwe. Miongozo ya kimataifa ya dawa hutaka mgonjwa asipokee zaidi ya miligramu 8.8 za kimiminika hiki kwa siku. Kwa ethanoli, kiwango ni miligramu 50.

Kwa nini basi maji hayatumiki daima? Asidi nyingi za kuungia fuwele haziyeyuki vyema majini. Njia mojawapo ni kugeuza asidi kuwa chumvi yake ya sodiamu, ambayo huyeyuka, ndipo ikutanishwe na chumvi ya metali. Fumarati ya aluminiamu hutengenezwa hivyo viwandani. Hata hivyo mwungano majini huweza kwenda kasi mno, fuwele zikatoka ndogo na zenye kasoro.

Wala neno “maji” peke yake lisimtulize msomaji. MIL-100 ya chuma iliundwa majini tangu mwanzo, ila kwa kuongezewa asidi ya haidrofloriki, ambayo huunguza mwili hadi mfupani. Mbinu za baadaye zimeiacha asidi hiyo. Kwa hiyo, fuwele inapopendekezwa kubeba dawa, huulizwa iliundwa katika nini, ilioshwa kwa nini, na kipimo cha mabaki kilionyesha kiasi gani.