Ripoti ya gari la mtumba tuiamini kiasi gani?

NDUGU msomaji, makala yangu ya leo inahusu gari moja aina ya Noah, karatasi moja ya Kijapani na kosa langu mwenyewe. Nalieleza kosa hili hadharani kwa sababu naona ndugu zetu wengi wa mijini wanalirudia kila siku, na wapo wanaolilipia kwa gharama kubwa kuliko ile tuliyolipa sisi.

Mwaka 2019 baba yangu mdogo anayeishi Masama, wilayani Hai, aliamua kununua gari. Alikuwa na akiba ya miaka mingi ya kahawa na ndizi, wanawe wawili wakamwongezea, na kiasi kilichobaki akakopa kwa ndugu, mkopo usio na riba. Nia yake ilikuwa kuwapeleka watoto shule asubuhi, kisha kushusha abiria na mizigo Kwa Sadala, hasa siku za soko. Kwa kuwa mimi naishi mjini na katika ukoo ndiye ninayehesabiwa kuwa "anajua kompyuta", nikapewa kazi ya kuhakiki gari kabla fedha hazijatoka.

Muuzaji tulisali naye adhuhuri msikiti mmoja. Baada ya swala akatutolea nakala ya karatasi ya mnada wa Japan. Gari liliundwa mwaka 2005 na kuuzwa mnadani mwaka 2012, daraja la 4, kilomita 84,000, halijapata ajali. Sikuridhika na nakala. Niliichukua namba ya chesisi, nikalipia huduma ya intaneti inayotafuta kumbukumbu za minada, na majibu yakaja yaleyale, herufi kwa herufi. Nikampigia simu mzee: "Baba mdogo, gari ni safi. Lipa."

Akalipa.

Miezi miwili baadaye, masika yakiwa yamekolea na barabara inateleza, dereva akaanza kulalamika kwamba akishuka mteremko na kukanyaga breki gari linavuta kulia. Siku moja likavuta hadi ukingoni mwa mtaro likiwa na watoto tisa wa shule. Alhamdulillah, hakuna aliyeumia. Tulilipeleka kwa fundi Boma Ng'ombe, akalipandisha juu ya shimo na kuniita. Chini, upande wa mbele, palikuwa na mahali palipokatwa na kuchomelewa upya. Chini ya rangi palikuwa na puti nene. Ndani, kwenye sakafu, akanionyesha matundu ya bolti za kiti cha ziada kilichong'olewa. Gari hili lilikuwa limebeba abiria, lilikuwa limepata ajali kubwa, na yote mawili yalitokea hapahapa nchini.

Kisha fundi akaniuliza dashibodi inasoma ngapi. Nikamwambia kilomita 131,000. Akacheka. Tukapiga hesabu pamoja: toka 84,000 ni kilomita 47,000 kwa miaka sita tangu gari lifike nchini mwaka 2013, yaani kama kilomita 21 kwa siku. Noah ya abiria pale Kwa Sadala inazimaliza hizo kabla ya saa nne asubuhi. Mita ilikuwa imerudishwa nyuma.

Sasa hapa ndipo penye somo, ndugu msomaji. Karatasi ile haikuwa ya kughushi. Kila ilichosema kilikuwa kweli. Aliyekosea ni mimi, niliyeiuliza jambo ambalo haikulishuhudia.

Ripoti inajua nini?

Tuanze na Japan, kwa sababu magari mengi ya mtumba yanayotembea katika barabara zetu yametoka huko. Gari jipya la binafsi kule hukaguliwa kwa mujibu wa sheria baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi huo wao huuita shaken, na kilomita za gari huandikwa. Gari likitaka kutoka nje ya nchi hutolewa hati ya kusafirishwa, nayo huonyesha kilomita za ukaguzi uliopita. Likipitia mnadani, mkaguzi wa mnada hulizunguka, akachora mikwaruzo na mabonyeo yake kwenye karatasi, akalipa daraja.

Kwa hiyo kwa gari lililoshuka melini majuzi, karatasi hizi zina uzito. Zilinganishe: kilomita za hati ya kusafirishwa, za mnada na za dashibodi lazima zipande. Zikishuka, kuna mtu amezichezea njiani.

Lakini hata hapo pana mipaka. Katika utaratibu wa minada ya Japan, gari huitwa "la ajali" pale viungo vinavyobeba umbo lake vinapoumia au kutengenezwa. Gari lililobadilishwa bampa, mlango au boneti haliingii hesabu hiyo. Mnunuzi wa Kariakoo akisoma "halijapata ajali" anaelewa kwamba halijagongwa kabisa. Mjapani aliyeandika hakukusudia hivyo.

Marekani nako wana ripoti za historia ya magari. Kampuni ya Carfax ilianzishwa mwaka 1984, na lengo lake la mwanzo lilikuwa kupambana na urudishaji nyuma wa mita. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kuanzisha daftari la taifa la hati za magari. Pamoja na yote hayo, kimbunga Katrina kilipopiga mwaka 2005, magari mengi yaliyozama yalikaushwa, yakasafishwa na kupelekwa majimbo mengine, mengine yakapata hati zisizotaja mafuriko. Ripoti huonyesha kile polisi, bima, gereji na ofisi za usajili walichoandika. Ajali iliyomalizwa barabarani kwa kupeana fedha haiingii popote.

Tena kuna mtego mwingine. Mifumo mingi ya Marekani husoma namba ya tarakimu na herufi 17. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la ndani la Japan hayana namba hiyo. Yana namba fupi ya chesisi inayoanza na alama za modeli. Mtu akiingiza namba hiyo kwenye mfumo usiohusika akajibiwa "hakuna kumbukumbu", hufurahi akidhani gari halina dosari. Kumbe ameambiwa tu kwamba shahidi huyu halifahamu gari lako.

Mnyororo uliokatika

Waislamu tunayo elimu ambayo ilipaswa kunizindua mapema. Wanazuoni wetu wa hadithi hawakutosheka na maneno mazuri. Waliuliza: nani kasikia kwa nani? Walikutana? Huyu anajulikana kwa ukweli na kwa kuhifadhi? Pete moja ya mnyororo ikikosekana, riwaya hudhoofika, hata kama msimulizi wa kwanza ni mtu mkweli kupita wote.

Basi upange mnyororo wa Noah yetu. Mnada wa Japan hadi melini: tunao ushahidi. Bandari ya Dar es Salaam hadi mmiliki wa kwanza: tunayo kadi ya gari. Mmiliki wa kwanza hadi wa tatu, miaka sita ya abiria, mashimo, ajali na gereji: hatuna kitu. Hapa kwetu hakuna daftari ambalo mnunuzi wa kawaida anaweza kulifungua akaona kilomita na ajali za gari mwaka hadi mwaka. Hata ukaguzi wa Shirika la Viwango, TBS, ambao kwa miaka ulifanywa na mawakala huko ng'ambo na mwaka 2021 ukahamishiwa Dar es Salaam, unahusu hali ya gari linapoingia nchini. Hauwezi kusema lolote juu ya miaka inayofuata.

Na katika Surat Yusuf tunasoma jinsi wale ndugu walivyomweleza baba yao kwamba wanashuhudia tu yale wanayoyajua, na hawakuwa walinzi wa yaliyofichikana. Hiyo ndiyo adabu ya shahidi. Karatasi ya Japan ilikuwa na adabu hiyo. Mimi ndiye niliyeufanya ukimya wake kuwa ushahidi.

Mambo matano ya kushika

Kwanza, jiulize gari limekaa nchini muda gani. Kama limeshuka juzi, ripoti ya Japan ni shahidi mkubwa. Kama limetembea hapa miaka sita, ripoti hiyo ni cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa hakimwambii daktari kama mtu anaumwa leo.

Pili, namba ya chesisi isome kwenye chuma chenyewe, usiisome kwenye karatasi ya muuzaji. Ilingane na kadi ya gari. Kisha tafuta ripoti wewe mwenyewe, maana nakala za karatasi za mnada hubadilishwa tarakimu kwa urahisi.

Tatu, tafuta mashahidi wa hapa. Kadi halisi iwe na jina la anayeuza, na kama siyo, pata maelezo ya kutosha na umwone mwenye jina hilo. Angalia faini za barabarani zinazodaiwa kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa Polisi, na uhai wa bima. Tazama vibandiko vya kubadilisha oili ambavyo mafundi hubandika vikiwa na kilomita. Mara nyingi mchezea mita husahau kuvibandua.

Nne, nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji, na gari lipande juu ya shimo. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa itakuonyesha palipo na puti, kwa sababu haishiki hapo kama inavyoshika kwenye bati. Tazama pedali, usukani na kiti cha dereva: kama vimelika sana na dashibodi inasoma kilomita chache, kimoja kinadanganya. Liwashe injini ikiwa baridi. Lijaribu kwenye mlima na mteremko. Sisi wa Masama tulilijaribu gari letu kwenye lami tambarare ya mjini, kisha tukalipeleka kwenda kufanya kazi mlimani.

Tano, andikeni. Muuzaji aeleze kwa maandishi mbele ya mashahidi: gari limefanya kazi gani, limegongwa wapi, na kilomita anazozijua. Mtu mkweli hatachukizwa na hilo. Allah (SW) ametuelekeza kuandika madeni na kushuhudisha mauziano. Kutofanya hivyo kwa sababu "tunaaminiana" ndiyo chanzo cha kutoaminiana.

Karatasi ileile mikononi mwetu

Tulimrudia muuzaji. Akasema naye alilinunua hivyohivyo, na karatasi ileile. "Mimi nilikuonyesha karatasi, sikukwambia uongo." Kama alijua au hakujua, Allah ndiye Mjuzi. Fedha hazikurudi.

Mtihani uliofuata ulikuwa wetu. Tulilitengeneza gari likanyooka kiasi, tukaamua kuliuza. Akaja mnunuzi kutoka Arusha, akalipenda, akauliza kama lina historia ya ajali. Mmoja wa binamu zangu akaninong'oneza: "Kaka, mpe tu ile karatasi ya Japan. Si ni ya kweli?" Nakiri kwamba kwa muda nilinyamaza. Deni lilikuwa linatukodolea macho, na karatasi ilikuwa mfukoni mwangu.

Baba mdogo ndiye aliyetuzindua. Akatukumbusha kisa kilichopokewa na Imam Muslim, cha Mtume (SAW) kupita sokoni kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikakutana na unyevu. Mwenye mali alisema ni mvua. Mtume (SAW) akamuuliza kwa nini kilicholowa hakukiweka juu watu wakione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. "Nafaka ya juu ilikuwa kavu kweli," akasema mzee. "Na hiyo karatasi yenu ndiyo nafaka ya juu."

Akampeleka mgeni kwa fundi, akaonyeshwa mahali palipochomelewa. Mgeni akashukuru, akaondoka. Wa pili naye akaondoka. Wa tatu, fundi mwenyewe wa magari, alilinunua akijua kila kitu, kwa bei ambayo ilitukata zaidi ya theluthi ya fedha yetu. Deni la ndugu tulilimaliza baada ya miaka miwili ya ndizi, na sehemu yake nilibeba mimi, kama ilivyostahili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiniuliza ripoti ya gari tuiamini kiasi gani, jibu langu ni hili: iamini katika siku iliyoshuhudia, usiiongezee hata siku moja. Siku zilizobaki ziulize kwa fundi, kwa chuma na kwa ulimi wa mwenye gari. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayeuza, kumbuka kwamba yapo unayoyajua ambayo hayamo katika ripoti yoyote ya duniani, nayo yameandikwa kwingine.

Wabillahi tawfiq.