Maradhi ya Motokaa Kuukuu: Injini Inapokosa na Kupungua Nguvu



Karafuu mbichi zikilala magunini njiani hupata joto na kuumuka, na zikianikwa baadaye hazitoi tena rangi yake nzuri. Daraja hushuka kituoni kwa sababu ya motokaa iliyozima kilimani. Kisha mwenye motokaa huivusha kwa meli hadi gereji za Keko na Chang'ombe, upande wa Temeke, akanunua spea kwa kubahatisha, leo kabureta, kesho koili, akarudi na ugonjwa ule ule. Tumeona yafaa mtu ayajue maradhi kabla hajalipa nauli.

Somo hili ni la injini za petroli za zamani zenye pointi, mfano wa Land Rover Series. Motokaa za siku hizi zenye kompyuta msizijaribu kwa njia hii; umeme wake waweza kuharibu vifaa na kumdhuru mtu.

Kwanza sikilizeni. Injini ikikosa kwa mpigo mmoja, daima ule ule, silinda moja imelala. Ili kuijua, iacheni izunguke polepole. Simameni pakavu, na pasiwe na harufu ya petroli. Kwa koleo yenye mipini ya mpira, ng'oeni waya ya plagi moja, muirudishe, kisha ya pili, hata zote nne. Injini ikizidi kutetemeka, silinda hiyo ni nzima. Msipoona tofauti yoyote, mwizi mmempata.

Zimeni injini, muihamishe plagi ya silinda ile kwenda silinda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, mmeujua kwa bei ya plagi moja. Usipohama, jaribuni waya. Angalieni msichanganye mpangilio: Land Rover ya lita 2.25 huwaka 1, 3, 4, 2. Nafasi ya plagi zake ni milimita 0.75 hadi 0.80, na ya pointi 0.35 hadi 0.40. Wako wanaopima kwa ukucha, lakini ukucha si fila geji.

Itazameni na rangi ya plagi. Kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi yaonyesha petroli imezidi, au kichujio cha hewa kimeziba. Ikilowa oili, ringi au njia za valvu zimechakaa. Nyeupe yaonyesha petroli ni haba au joto limepita kiasi.

Sisi wa visiwani tuna adui zaidi, nayo ni hewa ya chumvi. Vichwa vya waya hufanya kutu ya kijani, na kifuniko cha distributa hushika unyevu. Usiku wa giza fungueni boneti injini ikizunguka. Mkiona cheche zikitambaa juu ya waya, umeme unavuja.

Ikiwa silinda zote zakosa ovyo, na injini hufa ikipata moto na kuwaka tena ikipoa, tuhumuni koili au kondensa. Ikidhoofika mlimani tu, tazameni mafuta: chujio, pampu, kutu ndani ya tangi. Fungueni kwanza kifuniko cha tangi. Kikivuta hewa kwa sauti na nguvu zikarudi, kitundu chake kimeziba, na dawa yake ni sindano.

Si kila udhaifu ni wa injini. Ikinguruma na gari isiende, ni klachi. Magurudumu yakiwa ya moto, breki zinashika.

Umeme na mafuta vikiwa sawa, imebaki kompresheni. Silinda mbili jirani zikilala pamoja, mara nyingi gaskiti ya hedi imeungua kati yake. Silinda moja ikiwa dhaifu, tieni kijiko cha oili mpime tena. Ikipanda, ni ringi, isipopanda, ni valvu au gaskiti. Petroli yenye risasi iliondoka Afrika kusini ya Sahara mwanzoni mwa 2006, na baadhi ya injini kuukuu zilikuwa zikiitegemea kulinda viti vya valvu. Viti hivyo huliwa, nafasi ya valvu ikajifunga, moshi na nguvu vikavuja. Pimeni nafasi hiyo mapema. Kwa Land Rover ile ni milimita 0.25.

Mkifika Keko, mwambieni fundi ni silinda ya ngapi, hutokea ikiwa baridi au moto, na mmekwisha badilisha nini. Kila kifaa atakachokitoa, mwombeni awape mkononi.