MTI WA MUKAU: JINSI YA KUUOTESHA KWA MBEGU NYUMBANI

Katika nyanda kavu za Machakos, kama vile Masinga, Yatta na Mwala, mukau ni mti wenye heshima. Mbao zake ni imara wala haziharibiwi upesi na mchwa, nazo hufaa kwa milango, madirisha, vitanda na paa za nyumba. Tangu zamani Wakamba huchonga mizinga ya nyuki katika magogo yake. Wakati wa kiangazi, nyasi zinapokwisha, majani yake ni chakula cha mbuzi na ng'ombe.

Lakini mti huu umekatwa sana porini, na wengi waliojaribu kupanda mbegu zake wameona hazioti, wakakata tamaa. Basi somo hili litaeleza kwa nini mbegu hizo hukataa kuota, na jinsi mtu awezavyo kuziotesha uani mwake kwa vyombo vya kawaida.

KWA NINI HAZIOTI

Tunda la mukau lina urefu wa karibu sentimita 4. Ndani ya nyama yake mna kokwa ngumu kama jiwe, na ndani ya kokwa mna mbegu chache ndogo, kila moja katika ngozi yake. Mtu akiifukia kokwa nzima, mbegu huweza kukaa muda mrefu bila kuchipua. Haikufa, imefungiwa.

Wazee walilijua jambo hili. Waliokota kokwa mazizini, zile zilizotemwa na mbuzi baada ya kula matunda, au walichoma takataka juu ya kokwa ili moto uzilegeze. Miche ilipatikana, lakini michache, wala haikutegemewa. Baadaye Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1986, ilifundisha wakulima kuipasua kokwa na kuitoa mbegu yenyewe. Tena, tangu mwaka 2012, taasisi hiyo ilishirikiana na Japani kuchagua miti bora ya mukau, iliyonyooka na kuvumilia ukame, na mashamba ya mbegu yakafanywa Kitui na Kibwezi.

KAZI YENYEWE

1. Chuma matunda yaliyokomaa juu ya mti ulionyooka na wenye afya. Usiyatwae yaliyolala chini siku nyingi, maana mbegu zake huenda zimeoza au kuliwa na wadudu.

2. Twanga matunda polepole katika kinu mpaka nyama itoke. Osha kokwa, kisha uzianike kivulini siku chache.

3. Weka kokwa juu ya ubao, uelekeze makali ya kisu kufuata urefu wake, kisha gonga mgongo wa kisu kwa nyundo au kipande cha mti. Gonga kwa kiasi. Kokwa ikipasuka, toa mbegu kwa uangalifu, na iliyokatika itupe.

4. Kwa wembe safi, ondoa kipande kidogo sana cha ngozi kwenye ncha ya mbegu, kisha uiloweke katika maji baridi usiku mmoja, yapata saa 12.

5. Asubuhi, pasua ngozi ya mbegu kwa urefu, kidogo tu, bila kukijeruhi kiini.

6. Kaanga mchanga safi juu ya moto ili kuua vimelea vya ukungu, uache upoe, kisha uutie katika sanduku lenye matundu chini. Panda mbegu, uzifunike kwa mchanga kidogo, nyunyizia maji, na ufunike sanduku kwa plastiki inayopitisha mwanga, ili joto na unyevu vibaki ndani.

Mbegu iliyotayarishwa vizuri huanza kuota katika siku chache. Adui mkubwa ni ukungu. Kwa hiyo mikono, wembe na maji viwe safi, na mbegu yoyote iliyooza iondolewe mara moja.

KUTUNZA NA KUPANDA

Mche ukitoa majani mawili, uhamishe katika kifuko cha udongo, ukiushika kwa jani, si kwa shina. Uweke kivulini kwanza, kisha uuzoeze jua kidogo kidogo. Usiumwagilie kupita kiasi, kwani mukau ni mti wa nchi kavu na maji mengi huuozesha.

Mche ukifika urefu wa karibu sentimita 30, uko tayari kwenda shambani. Chimba mashimo kabla ya mvua, na upande mvua inapoanza kulowesha ardhi vizuri. Hapa kwetu mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi. Acha nafasi ya mita 4 au zaidi kati ya mti na mti, ili mahindi, kunde au pojo ziweze kupandwa kati yake. Jiepushe na mahali panapotuama maji. Zungushia miche miiba, kwa maana mbuzi huyapenda majani yake. Mti ukiwa mchanga, toa machipukizi ya ubavuni kwa vidole yakiwa bado laini. Ndipo shina litakaponyooka na kutoa mbao zisizo na mafundo.

FAIDA YAKE

Mukau uliotunzwa huweza kutoa mbao baada ya miaka 10 hadi 15. Mzazi aupandaye mtoto wake akiwa mdogo, aweza kupata mbao za kujengea au kuuza mtoto huyo akiwa bado shuleni, asilazimike kuuza ng'ombe wakati wa njaa, wakati bei iko chini. Anayeanza na asianze na mbegu nyingi. Kokwa 20 zatosha kuuzoeza mkono; na katika msimu wa pili, kisu kitajua njia yake.