Kufungua na Kufunga Makava ya Pikipiki ya Shamba Bila Kuyavunja

Leo tupumzishe kidogo mbegu na viuatilifu, tuongee pikipiki. Kwa wengi wenu ndiyo gari la shamba: asubuhi inapeleka mbolea, jioni inatoa matenga ya nyanya. Lakini nikipita mashambani naona makava yamefungwa kwa waya na vipande vya mpira. Sio yote yamevunjika kwa kuanguka, jamani. Mengi yamevunjwa siku yalipofunguliwa.

Kufungua ni lazima. Nyuma ya makava kuna betri na waya, na vumbi la CAN au Urea huvuta unyevu na kula chuma. Kila ukimaliza kukuzia, fungua, safisha, kausha.

Osha tope kwanza, maana skrubu nyingine zimejificha humo. Zima, toa ufunguo, acha injini ipoe. Tumia bisibisi inayojaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu. Skrubu usizimwage zote kwenye kopo moja, urefu wake haulingani, na ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa waya. Mimi huchora umbo la kava kwenye kipande cha boksi, kila skrubu naichomeka mahali pake. Picha ya simu nayo inasaidia.

Kava la pembeni kwa kawaida lina pini zilizoingia kwenye raba. Shika karibu na pini, vuta moja kwa moja, usilipindishe. Likigoma, acha kuvuta! Tafuta skrubu iliyobaki, angalia hata chini ya kiti. Kama ni raba imekauka, ilainishe kwa maji ya sabuni, usitie petroli. Kava la taa lishike kwa mkono mmoja ukifungua, lisining'inie kwenye waya. Soketi bonyeza kilimi chake ndipo uichomoe, na ushike soketi yenyewe.

Sasa kurudisha, hapa ndipo haraka inapogharimu. Panga waya mahali pake kabla ya kava, kisha zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia. Ukiona waya unavutika au unabanwa, panga upya. Waya uliobanwa hausemi siku hiyo. Unasagika polepole, halafu usiku mmoja una matenga manne nyuma, unakata kona na taa inazima.

Anzisha skrubu zote kwa vidole kwanza, ndipo ukaze kwa kupokezana. Ukikaza moja mpaka mwisho, tundu la mwenzake linahama, na wewe utalilazimisha. Skrubu inayouma plastiki yenyewe izungushe kinyume taratibu mpaka uisikie inadumbukia kwenye njia yake ya zamani, kisha kaza. Ikikaa, acha, plastiki sio nati ya tairi. Na vile vibushi vya chuma kwenye matundu visipotee: bila hivyo skrubu inaminya kava lenyewe mpaka linapasuka.

Kabla ya kuondoka jaribu taa, indiketa na breki, na hakikisha akseleta inarudi yenyewe usukani ukiwa umekatwa pande zote mbili. Kava lenye ufa mdogo toboa tundu dogo la milimita 3 hivi pale ufa unapoishia, usiendelee kutembea.