Spika za kuongezea: ipi lazima ifanane?

Swali: Nina spika mbili za mbele, nataka kufikia mfumo wa 5.1. Je, lazima zote ziwe za kampuni moja?

Jibu: Si zote. Ya katikati ndiyo usiifanyie mzaha, kwani mazungumzo mengi ya filamu hutokea hapo. Gari likikatiza skrini kutoka kushoto kwenda kulia, muungurumo wake hupitia spika tatu za mbele. Ya kati ikiwa ya toleo jingine, utasikia gari limebadilika injini njiani. Tafuta ya toleo lilelile, hata kama ni mtumba. Za nyuma zinavumilia tofauti, na sabufa chukua yoyote nzuri. Kabla ya kulipa, geuza spika usome omu: amplifaya iliyoandikwa 6 hadi 16 usiipe spika ya omu 4, inaweza kuchemka.