Makaa ya Mawe ya Luena, Maji ya Lualaba na Mashine Yetu ya Kusaga



Swali hili linarudi kila mara kwenye mikutano: maji ya Lualaba yanatengeneza umeme kule juu, yanashuka, yanapita hapa Kinkondja, na sisi bado tunasaga muhogo kwa mazutu. Kwa nini? Na sasa vijana wanaleta swali la pili: makaa ya mawe iko Luena, upande wa Bukama, si mbali. Kwa nini yasichomwe tupate umeme? Somo la leo ni juu ya maswali hayo mawili. Ni refu kidogo. Katibu anaweza kulisoma kwa mikutano miwili.

Kwanza tusichanganye majina. Makala tunayopikia bukari inatoka kwa mti. Makaa ya mawe ni kitu kingine: miti na majani ya zamani sana, yaliyozikwa chini ya udongo mpaka yakageuka jiwe jeusi linalowaka. Pale Luena yalichimbwa tangu miaka ya 1920, yakaendesha treni na viwanda vya shaba vya Union Minière. Wazee wa reli wanakumbuka habari hiyo.

Basi kwa nini yalirudi nyuma? Yalishindwa na maji. Mwadingusha, juu ya mto Lufira, ilianza kutoa umeme mwaka 1930. Miaka ya 1950 yakaja mabwawa mawili makubwa juu ya Lualaba karibu na Kolwezi: Nzilo, halafu Nseke. Hata treni ikaanza kuvutwa na umeme miaka ile ile. Maji hayanunuliwi kwa tani wala hayapakiwi kwenye vagoni. SNEL ilizaliwa mwaka 1970, ikachukua mitambo hiyo yote, na miaka ya 1980 waya mrefu sana, zaidi ya kilomita 1,700, ukaleta umeme wa Inga mpaka Kolwezi. Angalieni vizuri waya ule unaishia wapi: kwenye migodi.

Hapo ndipo jibu la swali la kwanza. Maji ya Nzilo na Nseke yanashuka kwetu na Lualaba, na yale ya Mwadingusha yanashuka na Lufira mpaka huku Kisale. Mito yote miwili inapita mbele ya nyumba zetu, lakini umeme wake ulipangwa tangu mwanzo kwa ajili ya shaba. Mpaka leo ni hivyo. Mwadingusha ilitengenezwa upya, ikarudi kazini kwa nguvu zote mwaka 2021. Kampuni ya mgodi ndiyo iliyotoa pesa, na mgodi huo ndio unaohudumiwa kwanza. Katika Congo nzima, karibu watu 2 tu kati ya 10 wana umeme nyumbani, na wengi wao wako mijini.

Na bado migodi haitosheki. Dunia inataka shaba na kobalti kwa magari ya umeme, magari yanayosifiwa kwamba hayachafui hewa. Ili kuyachimba, kampuni zinawasha jenereta kubwa za mazutu na kununua umeme kutoka Zambia. (Mtu akikuambia habari ya gari safi, unaweza kumwuliza swali hilo.)

Sasa tutazame Zambia, maana ni jirani na mambo yake yanatuhusu. Zambezi na Lualaba zinazaliwa karibu-karibu, kwenye mgongo mmoja wa ardhi mpakani. Zambia inategemea mabwawa kama sisi. Msimu wa 2023 kuingia 2024 mvua ilikatika, mahindi yakakauka shambani, na mwezi wa pili 2024 serikali ikatangaza janga la taifa. Ziwa Kariba lilishuka mpaka mitambo ikakosa maji. Kuna siku ambazo watu wa mijini walipata umeme saa chache tu. Kitu gani kilibaki kikifanya kazi? Kituo cha makaa ya mawe cha Maamba, chenye megawati 300. Baada ya hapo wakaanza kujenga cha pili pembeni yake, cha ukubwa ule ule.

Tuwe wa haki: hawakufanya hivyo kwa ubaya. Mtu ambaye hospitali yake iko gizani hachagui sana. Lakini ni shida inayojizungusha. Makaa ya mawe yakichomwa, yuniti moja tu ya umeme inaacha hewani karibu kilo 1 ya gesi ya kaboni. Gesi hiyo inakaa juu miaka mingi, inafunika dunia kama blanketi, joto linapanda, mvua inakosa utaratibu: mwaka mmoja ukame, mwaka mwingine mafuriko. Kwa hiyo dawa ya bwawa lililokauka inazidisha ugonjwa uliolikausha. Sehemu kubwa ya blanketi hiyo ilifumwa na nchi tajiri, si na Zambia wala na sisi. Lakini mvua haiulizi nani alianza.

Wako wanaojua shida hii kuliko wote. Kampuni ya umeme ya Afrika Kusini, Eskom, inapata zaidi ya 8 kati ya 10 za umeme wake kutoka makaa ya mawe. Hata hivyo kuanzia miaka ya 2007 na 2008 wananchi wake walikatiwa umeme kwa zamu kwa miaka mingi, maana vituo vya zamani viliharibika mara kwa mara. Mwaka 2021 nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 8.5, nyingi zikiwa mkopo, ili nchi hiyo ianze kuyaacha makaa. Mwaka 2022 kituo cha Komati kikazimwa. Wafanyakazi na wauza vyakula wa mji ule mdogo waliokuwa wakiishi kwa kituo hicho walibaki wakiuliza watakula nini. Kuingia kwenye makaa ni rahisi kuliko kutoka.

Turudi Luena. Mradi ukija siku moja, kituo kitahitaji maji mengi ya kupoza mitambo, na majivu yake yana metali zenye sumu. Maji ya upande ule yanashukia Lualaba, na Lualaba inatushukia sisi, kwenye samaki na kwenye mashamba ya bondeni. Kule Lamu, Kenya, wavuvi na wakulima walipeleka kesi juu ya kituo cha makaa cha megawati 1,050. Mwaka 2019 baraza la mazingira likafuta kibali, sababu moja kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliuliza mapema, kabla ya matofali. Nasi tuulize hivyo hivyo: umeme utaenda kwa nani, majivu yatalala wapi, nani atapima maji?

Kwa maoni yetu, mashine ya kusaga ya Kinkondja haitangoja Luena wala Inga. Inaweza kuendeshwa na jua, ila tusidanganyane. Mota ya kilowati 7.5 inahitaji mabamba ya jua ya kilowati 10 hivi au zaidi. Bila betri, ambazo ni ghali, itasaga mchana tu, na siku za mawingu mazito itapumzika. Ni pesa nyingi kwa mara moja.

Ili kujua kama inafaa, lazima tujue mazutu inatula kiasi gani. Tuseme mashine inakunywa lita 2 kwa saa, saa 5 kwa siku, siku 20 kwa mwezi: ni lita 200 kwa mwezi, lita 2,400 kwa mwaka. Zidisheni kwa bei ya mazutu hapa bandarini, si bei ya Kamina. Ongezeni mafuta ya injini na siku ambazo mashine ililala ikingoja mtumbwi ulete mazutu.

Kuanzia wiki hii mtunza mashine aandike kwenye daftari, kila siku, vitu vinne: lita zilizoingia, bei, saa za kazi, ndoo zilizosagwa. Miezi mitatu inatosha, mradi mmoja wake uwe wa mvua nyingi. Leteni daftari hilo mafundi watakapopita.